Gari la Bwera Lililokunywa Petroli

Mimi ni Masereka. Ninyi mliobaki gereji mnaniita Mzee wa Matumizi, na yako majina mengine mliyonipa mkidhani siyasikii. Nimeweka spana chini mwaka huu kwa sababu ya macho; siku hizi nikiinamia injini naona kivuli cha injini. Mliniomba niandike machache kuhusu kazi yetu, na kwa kuwa nyumbani kwangu hapa Kasese hakuna mtu wa kunikatiza, nimekaa naandika. Habari za vyeo msizitafute humu. Gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye gereji na asiye mwenye gereji, na mimi sikuwahi kubadilisha.

Kazi yangu ilikuwa moja. Mtu akija na gari la petroli akilalamika kwamba linakunywa, aliletwa kwangu. Breki, klachi na mabodi vilikuwa vya wengine. Mimi nilikuwa wa kiu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Paluku, fundi aliyekimbia vita kutoka Butembo, Mkatoliki wa kweli ambaye rozari yake ilining'inia kwenye msumari mmoja na spana ya plagi. Hakuniuliza jina wala nimesoma wapi. Alifungua plagi ya gari lililokuwa mbele yake, akanipa mkononi ikiwa bado na joto.

"Nusa buji hii," akasema. "Iko na harufu gani?"

"Ya petroli, Papa."

"Njo vile. Esanse yenye unanusa haikuungua. Mutu alilipa, motere haikukula."

Nilijifunza kazi kwa pua kabla ya kuijifunza kwa macho. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ilimaanisha injini inakula vizuri. Nyeusi yenye masizi, inabugia. Nyeupe, ina njaa na itaungua. Magari ya wakati ule yalikuwa na kabureta, na Papa Paluku aliitengeneza kwa sikio. Aliinamisha kichwa, akazungusha skrubu ndogo kwa vidole viwili, na gereji nzima tuliacha kugonga nyundo mpaka anyanyuke. Mwenye gereji alikasirika kwa muda uliopotea, lakini naye alinyamaza.

Kisha yakaja magari ya kisasa. Kabureta ikaondoka, ikaja kompyuta inayopima hewa, inapima moshi, inanyunyiza petroli kwa kiasi inachotaka yenyewe. Skrubu ya kuzungusha haikuwepo tena. Tulinunua mashine ya kuchomeka chini ya usukani ili gari liseme linaumwa wapi, na mara nyingi lilisema haliumwi popote huku mwenye gari amesimama hapo akilia kwamba linammaliza. Papa Paluku hakuyapenda. Alisema motokari ya sasa inajiamulia kama mutoto wa tajiri. Kwao kulipotulia kidogo alivuka mpaka pale Mpondwe akarudi Butembo, na tangu siku hiyo sikupata habari zake. Aliniachia ile spana ya plagi. Nilibaki peke yangu kwenye meza yetu, nikaizoea hali hiyo, lakini nisiseme uongo, sikuipenda.

Jambo kubwa aliloniachia halikuwa spana. Alikuwa akisema, "Ukitaka kujua motokari, panda na mwenyewe. Wee ikala tu ku kiti, funga kinywa." Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote. Asubuhi, kabla petroli haijapata joto la kuivimbisha, tulijaza tangi kwenye pampu moja, gari likiwa mahali tambarare, na bomba likijikata lenyewe mara ya kwanza tuliacha hapohapo. Msilazimishe mpaka shingoni, vijana, hapo mtakuwa mnapima ubishi wenu. Kisha nilipanda kiti cha kushoto, nikaweka mikono magotini, na mwenye gari akaenda anakoenda kila siku. Jioni tulijaza tena kwenye pampu ileile. Petroli iliyoingia ndiyo gari liliyokunywa, na kilomita za siku hiyo zikagawanywa kwayo.

Watu walishangaa kwa nini nisiamini karatasi inayokuja na gari. Ile karatasi huandikwa baada ya gari kukimbizwa ndani ya chumba, juu ya magurudumu ya chuma, pasipo mlima, pasipo upepo na pasipo shemeji kwenye kiti cha nyuma. Haisemi uongo. Inasema habari za chumba kile.

Mwalimu mmoja wa Karusandara alileta gari lake dogo akiapa kwamba mafuta yameongezeka ghafla. Kule ni tambarare ya mashamba, hakuna kilima cha kulaumu. Nilizunguka gari mara moja nikaona ameweka matairi makubwa kuliko yale lililozaliwa nayo, ili lionekane refu. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa safari ileile, kwa hiyo mita ilihesabu kilomita pungufu, na mwalimu akagawanya hizo pungufu. Petroli ilikuwa imeongezeka kidogo tu. Kilichokuwa kimepungua sana ni barabara. Hakutaka kuyatoa matairi. Alisema heri abaki na hasara yake ya juu. Mwingine, wa Ibanda, aliyekuwa akipeleka wageni wanaopanda mlima, aliwangojea siku zile za kushuka kwao huku injini inanguruma na kiyoyozi kinavuma, naye amelala ndani. Gari linalosimama likinguruma linakula bila kwenda popote, na kilomita sifuri hazigawanyiki kwa kitu.

Kukaa kwenye kiti cha kushoto kuna upweke wake. Dakika za mwanzo mtu anakukumbuka na anaendesha kama yuko kwenye mtihani. Baadaye anakusahau. Nimesikia watu wakisali, wakigombana kwenye simu, wakiimba. Nimejua wanapitia kwa nani kabla ya kufika nyumbani. Kisha tulijaza tangi, nikawapa namba yao, wakaenda zao. Mke wangu Mbambu ndiye niliyekuwa nikimsimulia haya, bila majina, naye alicheka mpaka akajishika mbavu. Alipofariki, watoto walikuwa wameshahamia Kampala. Nikabaki na hadithi za watu na nyumba ya vyumba vitatu.

Hapo ndipo Thembo alipokuwa mtu wangu. Alikuwa dereva wa kituo kimoja cha afya cha misheni upande wa Bwera, kituo ambacho sitakitaja. Zamani alikuwa dereva jeshini, na jeshi lilimwachia Kiswahili chake na desturi ya kumwita kila mtu afande, hata muuza nyanya. Kila aliposhuka Kasese kuchukua dawa alipitia gereji, tukala chapati na chai kwenye kibanda cha jirani. Tulikuwa Wakonzo wote wawili, lakini yeye Kiswahili alikizoea kambini na mimi nilikizoea kwa Papa Paluku, basi tukaongea hicho. Siku alizokuja nilinyoa ndevu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Kituo kilipata gari jipya la petroli, la juu kidogo, injini ndogo yenye tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa. Injini za namna hii zina upole mwingi zikiwa na mzigo mwepesi. Ukizijaza na kuzipandisha mlima, ile feni inaita petroli nyingi ifuatane na hewa, na upole unakwisha. Karatasi ya gari ilisema kilomita kumi na nane kwa lita. Sista Imelda, mtawa kutoka Beni aliyekuwa mkuu wa kituo, aliposafiri na Thembo kwenye lami, wawili tu, walipata kumi na sita. Asipokuwepo, Thembo alirudi na kumi na moja.

Bwera ni mpakani. Kila mtu anajua petroli inauzwa kwenye chupa kando ya njia, na kila mtu anajua inavuka. Ikasemwa kwamba Thembo anainyonya na kuiuza. Sista alinipigia simu, akasema atamwachisha kazi mwisho wa mwezi nisipomwonyesha sababu nyingine.

Thembo alikuja gereji siku ileile. Hakugusa chapati.

"Afande, mimi hapana iba," akasema. "Mimi nachukua watu tu."

Nilijua barabara ile. Juu ya Nyakiyumbu vijiji vimening'inia kwenye milima, na gari la chanjo ndilo gari pekee linalofika. Sista alikuwa amekataza abiria, Thembo alikuwa anawachukua. Nikamwuliza mbona kioo cha dashibodi, kile kinachoandika kilomita kwa lita, hakionyeshi hivyo. Kioo hicho hupima petroli inayoingia ndani ya injini. Petroli iliyonyonywa kutoka tangini kioo hakiijui. Kama angekuwa mwizi, kioo kingesema namba ya juu na pampu ingesema kumi na moja. Kama injini ndiyo iliyokula, vyote viwili vingesema kumi na moja.

"Kioo mimi nafuta kila jioni," akasema. "Ile dereva ya wilaya aliniambia kompyuta inaandika uzito ya watu. Mimi nikaogopa."

Nilitamani kucheka, sikuweza. Jeshini walimfundisha kutoacha nyayo, naye kila jioni alibonyeza kitufe na kufuta ushahidi pekee kwamba si mwizi.

Tulipanga nipande naye siku ya kazi ya kawaida. Tulijaza tangi asubuhi pale Bwera, nikapima upepo wa matairi, nikamwambia kitufe asikiguse. Kabla ya kuwasha gari alishika usukani akatazama mlima. Akiwapita watu siku hiyo, namba ingetoka nzuri, na petroli yote ya miezi iliyopita ingebaki mikononi mwake kama ya wizi. Akiwachukua, angevunja amri mbele ya shahidi.

"Leo mimi nafanya namna gani, afande?"

"Fanya kama siku zote."

Akafanya. Tulipanda tukiwa wawili na maboksi ya chanjo, na hapo kioo kilikuwa karibu na kumi na tatu, hiyo ni haki ya mlima. Kwenye kona ya kwanza palikuwa na bibi mwenye mguu uliovimba. Mbele kidogo mama aliyejifungua, na mama mkwe wake, na mkungu wa ndizi uliofungwa kwenye keria ya juu. Waliokuwa wanaenda msibani wakaingia, wakabebana magotini. Vioo vilifunikwa na pumzi zao, Thembo akawasha kiyoyozi. Tulikuwa wanane, na nilisikia ile feni ndogo ikilia kwenye mwinuko kama filimbi ya mwamuzi. Kila aliyeshuka alimwambia "wasingya," asante, na bibi wa mguu alinishukuru na mimi, ingawa sikuwa nimefanya kitu. Ile ilikuwa safari ya kelele kuliko zote nilizowahi kupima. Nilifurahi sana ndani yake.

Jioni kioo kilisema kumi na moja na kidogo. Pampu ikasema kumi na moja. Hakuna tone lililokuwa limepotea.

Tukirudi kituoni Thembo akaniambia, "Wewe sema ni mlima. Mlima hakuna mtu nafukuza yeye."

Sista alinipokea ofisini kwake, dirisha likiwa wazi, na Thembo alikuwa nje anaosha gari. Nikamwambia dereva wake si mwizi, petroli yote imeungua ndani ya injini. Alifumba macho, nikaona amefurahi. Halafu akauliza.

"Na kumi na moja ile, Fundi, ni milima tu?"

Nje maji yaliacha kumwagika.

Nikamwambia milima inalitoa gari kumi na sita mpaka kumi na tatu. Zinazobaki ni watu na mizigo yao.

"Batu gani?"

"Wagonjwa wanaorudi, Sista. Wazee. Wanaokwenda kuzika."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Mi najua beko batu bazuri," akasema. "Lakini gari ikianguka na batu munane ndani, nani atajibu? Na esanse ya watoto ba chanjo ikiisha mbele ya mwezi, nani atapanda kule kwa miguu?"

Alikuwa na haki. Mniulize kwa nini sikusema mlima, nitawajibu. Siku moja gari lile lingepewa dereva mwingine, lingepanda milima ileile likiwa tupu, lingetoa kumi na tatu, na Thembo angeitwa mwizi bila mtu wa kumtetea, maana mtetezi wake angekuwa amesema uongo. Nililifikiria hilo pale ofisini, na nimelifikiria tena mara nyingi nikiwa nimekaa peke yangu. Nikiulizwa kesho nitasema vilevile.

Thembo alibaki kazini. Keria ya juu ikatolewa, abiria wakapigwa marufuku kabisa, na kitufe cha kioo kikawa cha Sista peke yake. Thembo aliponirudisha Kasese alipunguza mwendo pale njia panda ya Kikorongo.

"Wewe nasaidia mimi," akasema. "Asante. Sasa ile mama ya mguu, mimi napita yeye namna gani?"

"Ni amri, Thembo."

"Ndiyo, afande."

Gari lilipanda mpaka kumi na nne milimani, likawa zaidi ya hapo kwenye lami. Sista alinitumia salamu za shukrani. Watu wa juu ya Nyakiyumbu hawakuelezwa habari za kioo wala za amri ya Sista. Waliona tu Thembo anawapita vioo vimefungwa. Wakasema cheo kimempanda kichwani. Alipofiwa na mama yake nilikwenda kuzika. Kwetu majirani ndio wanaochimba kaburi na kuleta kuni, na msiba wa mtu anayependwa hukosa mahali pa kukanyaga. Walikuja wachache. Walichimba, wakafukia, wakaondoka bila kungoja chakula. Mimi nilishika koleo mpaka mwisho. Thembo alinishukuru kama unavyomshukuru mgeni.

Aliendelea kuleta gari kwa huduma, lakini alingoja ndani yake. Nilimpelekea chai dirishani mara mbili tatu, akasema daktari amemkataza sukari. Kibanda cha chapati nikakiacha, kwa sababu mama mwenye kibanda alikuwa anaweka vikombe viwili bila kuuliza. Kazi iliendelea. Walikuja watu wengi na magari yao, yale ya umeme na petroli pamoja, yale yanayojizima kwenye foleni, na nilipanda nao wote nikiwa nimeweka mikono magotini. Usiku nilisikiliza redio mpaka nijue majina ya watangazaji wote.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumtazama dada yangu, ambaye aliolewa huko juu ya Nyakiyumbu. Nilipanda kwa pikipiki. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki zote zimejificha, nikaanza kushuka kwa miguu na goti langu bovu. Nilisikia gari kabla ya kuliona, na nililijua kwa mlio. Likapunguza mwendo, likasimama kando yangu. Kioo kikashuka.

Tukasalimiana Kikonzo, salamu zote, mpaka za watoto. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Viti vilikuwa vitupu na safi, maboksi yako nyuma. Nikauliza kama Sista Imelda bado yupo, akasema alihamishwa zamani.

"Na abiria?" nikauliza.

"Ile amri iko." Akatazama mguu wangu. "Goti nauma?"

"Linauma, Thembo."

Aliweka mkono kwenye kiti cha kushoto, pale ninapokaa mimi, akauacha hapo. Sikumwomba. Nilitaka sana anifungulie, na si kwa ajili ya goti.

"Pale juu mimi nimepita mama na mtoto," akasema. "Yeye anatembea, anakuja nyuma yako. Saa hii atafika hapa. Nikichukua wewe, yeye mimi namwambia nini?"

"Huwezi."

"Siwezi, afande."

Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo, ningejua la kufanya nayo. Nikamwambia aende, mvua inaongezeka. Alipandisha kioo, akaliondoa gari polepole bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kama nilivyomfundisha, na nikasimama nikisikiliza injini mpaka ilipozama nyuma ya kona. Ile feni haikulia hata kidogo. Gari lilikuwa jepesi sana.

Nikasimama palepale njiani, nikawangoja yule mama na mtoto, ili tushuke pamoja.